Tausi wawili na swala mmoja: nini hasa kiliiangusha dola ya Maurya?

Katikati ya karne ya 3 KK mfalme mmoja wa Uhindi aliamua kuwatangazia raia zake habari za jikoni kwake, akazichonga kwenye mwamba zisifutike. Zamani, anasema, kila siku walichinjwa wanyama laki kadhaa kwa ajili ya mchuzi wa jumba la mfalme. Sasa wanachinjwa watatu tu: tausi wawili na swala mmoja, na huyo swala si kila siku. Hata hao watatu, siku za mbele hawatachinjwa.

Mfalme huyo ni Ashoka, wa tatu katika ukoo wa Maurya. Amri zake zimekutwa zimechongwa kuanzia Kandahar, Afghanistan, hadi Karnataka, kusini mwa Uhindi. Alifariki karibu mwaka 232 KK. Haikupita hata miaka 50 dola ikawa imekwisha, na hapo ndipo kilipozaliwa kisa maarufu: mfalme alimwaga damu akiiteka nchi ya Kalinga, akajuta, akashika mafundisho ya Budha, akaweka upanga chini, jeshi likalala, maadui wakaingia. Kisa kitamu, kinahadithika kwa dakika mbili, na wapo wanahistoria wenye majina makubwa waliokishikilia karne iliyopita. Mimi kimenishinda kukimeza, kwa sababu ukisoma miamba yenyewe unakuta mambo mengine kabisa.

Lakini tuanze na namna dola hiyo ilivyopata kusimama.

Mpunga, chuma na tembo

Shina lake ni Magadha, ufalme wa kusini mwa mto Ganga, katika jimbo ambalo leo linaitwa Bihar. Katika karne ya 6 KK kaskazini mwa Uhindi kulikuwa na tawala kubwa 16 zikivutana. Magadha haikuwa na sifa miongoni mwao. Mabrahmani, tabaka la makuhani, wa upande wa magharibi waliwaona watu wake kama washamba wasiojua ibada. Kilichoibeba ni ardhi. Udongo wa mafuriko ulizaa mpunga wa kulisha jeshi na kubakiza. Vilima vya kusini vilikuwa na mawe ya chuma, na misitu ilikuwa na tembo wa kukamatwa na kufunzwa vita. Mito nayo ilikuwa barabara, na kwenye barabara hutozwa ushuru.

Mfalme Bimbisara, aliyeishi zama za Budha, alitawala kutoka Rajagriha, mji uliozungushiwa vilima vitano. Alioa kwa hesabu: binti wa Kosala alimletea kijiji cha Kashi pamoja na mapato yake. Mwanawe Ajatashatru, ambaye vitabu vya Kibudha vinasema alimuua baba yake, alipigana kwa miaka na shirikisho la Walicchavi wa Vaishali, ng'ambo ya Ganga. Kwa ajili ya vita hivyo akajenga ngome mahali palipoitwa Pataligrama, mito inapokutana. Ngome ikawa mji, mji ukawa Pataliputra, na leo tunauita Patna.

Baadaye wakaja Wananda. Visa vya Kigiriki na vya Kijaini, yaani vya wafuasi wa dini ya kale ya Uhindi, vinakubaliana kwamba ukoo huo ulitokana na kinyozi, jambo lililowaudhi sana wenye nasaba zao. Kinyozi au si kinyozi, walijua kukusanya kodi. Mwaka 326 KK askari wa Aleksanda Mkuu walifika mto Beas huko Punjab, wakasikia kinachowangoja mbele. Mwandishi mmoja wa Kirumi anataja askari wa miguu 200,000, wapanda farasi 20,000, magari ya vita 2,000 na tembo 3,000. Tarakimu hizo zimetiwa chumvi, bila shaka. Hata ukiipunguza chumvi, inabaki habari kwamba jeshi lililokuwa limeipindua Uajemi nzima lilikataa kuvuka mto.

Kula uji kuanzia pembeni

Chandragupta Maurya aliwang'oa Wananda karibu mwaka 321 KK. Masimulizi ya Kijaini yanasema mshauri wake, Chanakya, alianza kwa kushambulia mji mkuu moja kwa moja, akashindwa vibaya. Akiwa mafichoni akamsikia mama mmoja kijijini akimkaripia mwanawe, aliyekuwa ametumbukiza mkono katikati ya uji wa moto na kuungua: mjinga wewe kama Chanakya, hukuona pembeni kumeshapoa? Basi safari ya pili wakaanzia mipakani, wakaja taratibu hadi katikati. Yeyote aliyewahi kugombea sinia na ndugu zake anaielewa mbinu hiyo. Kama mama yule alikuwepo kweli au hakuwepo, si hoja yangu. Kisa kinaonyesha jinsi watu walivyokumbuka ushindi ule: ulikuja kutoka ukingoni.

Na huko ukingoni ndiko alikopata faida kubwa zaidi. Seleucus, mmoja wa majemadari waliogawana urithi wa Aleksanda, alivuka mto Indus akidai majimbo ya mashariki. Mambo yaliishia kwenye mkataba, karibu mwaka 303 KK. Chandragupta alipata nchi za kuanzia bonde la Kabul hadi Kandahar, na Seleucus akaondoka na tembo 500. Usidhani alipunjwa. Miaka miwili baadaye tembo hao walisaidia kumpa ushindi katika vita vya Ipsus, kwenye Uturuki ya leo.

Seleucus pia alimtuma balozi, Megasthenes, akakaa Pataliputra. Kitabu chake kimepotea, lakini waandishi wa baadaye walinakili vipande vyake. Anaeleza mji mrefu uliolala kando ya mto, kama kilomita 14 kwa urefu na chini ya kilomita 3 kwa upana, wenye ukuta wa magogo uliotobolewa matundu ya kupigia mishale, minara 570 na malango 64. Ungedhani anapamba, lakini wachimbaji wa mambo ya kale walikuta safu za magogo hayo ardhini, mahali panapoitwa Bulandi Bagh, Patna. Kuhusu utawala wa mji anasema kulikuwa na kamati sita za watu watano watano: moja ya mafundi, moja ya wageni, moja ya kuandika vizazi na vifo, nyingine za biashara, vipimo na bidhaa, na ya mwisho ya kukusanya sehemu moja ya kumi ya kila kilichouzwa. Aliyekwepa malipo hayo aliuawa.

Kuhusu maofisa wenyewe, kuna kitabu cha utawala kiitwacho Arthashastra, ambacho kwa mapokeo huhesabiwa kuwa cha Chanakya, ingawa wataalamu wengi sasa wanaona kilikamilishwa karne kadhaa baadaye. Kinaorodhesha njia 40 ambazo ofisa anaweza kuibia hazina, halafu kinakiri kwamba kumkamata ni shida: samaki aliye majini huwezi kujua ni saa ngapi anakunywa maji. Sentensi hiyo tuishike, tutairudia.

Chandragupta, kwa mapokeo ya Wajaini, aliacha kiti, akaenda Shravanabelagola kusini, akafunga hadi akafa. Mwanawe Bindusara aliongeza nchi za kusini na kuacha kisa kimoja kizuri. Alimwandikia Antiochus wa Siria amuuzie divai tamu, tini zilizokaushwa na mwanafalsafa mmoja. Akajibiwa kuwa divai na tini zitaletwa, ila sheria za Wagiriki haziruhusu kuuza wanafalsafa.

Ashoka hakuacha upanga

Ashoka alipata kiti baada ya Bindusara, na kama masimulizi ya Sri Lanka yana ukweli, zilipita kama miaka minne kabla hajatawazwa, miaka ya ndugu kuwindana. Mwaka wa nane baada ya kutawazwa aliivamia Kalinga, pwani ya mashariki, ambayo leo ni Odisha. Hesabu ya maafa anaitoa mwenyewe: watu 150,000 walichukuliwa kutoka makwao, 100,000 waliuawa, na waliokufa kwa namna nyingine ni mara nyingi zaidi. Kisha anasema anajuta. Sijui mtawala mwingine wa zama zile aliyeandika hivyo kuhusu vita alivyoshinda.

Majuto yalikuwa ya kweli, naamini. Ila angalia aliyafanya nini. Kwanza, Kalinga hakuirudisha. Pili, tangazo hilo la majuto, ambalo ni la 13 katika mfululizo wake, halikuchongwa Kalinga kwenyewe. Kwenye mwamba wa Dhauli, penye umbo la tembo linalochomoza kwenye jiwe, nafasi yake imechukuliwa na maagizo kwa maofisa. Waliofiwa hawakusomewa. Tatu, ndani ya tangazo hilohilo anawageukia watu wa misituni na kuwaonya kwamba, pamoja na kujuta kwake, nguvu za kuwaadhibu bado anazo, basi waache maovu wasije wakauawa. Nne, adhabu ya kifo iliendelea. Alichoongeza ni siku tatu kwa aliyehukumiwa, ili jamaa zake waombe msamaha au mwenyewe ajiandae kwa ahera.

Hakuna mahali popote anaposema amevunja jeshi. Kwa hiyo ile hoja ya mfalme mpole aliyewaachia maadui mlango wazi inasimama kwenye kitu ambacho mfalme hakukifanya. Alipunguza vita, ni kweli, lakini kwa sababu ambayo hata mtu mgumu wa moyo angeiona: baada ya Kalinga hakikubaki kitu kikubwa cha kuteka. Wafalme wa kusini kabisa, Wachola na Wapandya, anawataja kama majirani, na upande wa magharibi alikuwa na amani na Wagiriki.

Hoja nyingine inasema Mabrahmani waliasi kwa sababu Ashoka aliwapendelea Wabudha. Anayeleta hoja hiyo humnyooshea kidole Pushyamitra, jemadari aliyeuangusha ukoo, kwa kuwa alikuwa Brahmani. Tatizo ni kwamba Ashoka anahimiza mara nyingi Mabrahmani waheshimiwe na wapewe sadaka. Tena stupa, yaani vilima vitakatifu vya Kibudha, za Bharhut na Sanchi ziliongezwa na kupambwa katika enzi ya Washunga, ukoo wa Pushyamitra mwenyewe. Lango la Bharhut limeandikwa waziwazi kwamba limejengwa katika utawala wao. Hapo sioni nchi iliyolipuka kwa vita vya dini.

Kuna waliotazama sarafu. D. D. Kosambi, mwanahisabati aliyegeukia historia, alipima sarafu za fedha za siku za mwisho za Maurya, akaona zimechanganywa shaba zaidi, akahitimisha kwamba hazina ilikuwa inakauka. Huenda. Lakini huohuo ndio wakati miji ya Uhindi ilipokuwa inakua na biashara kupanuka, na pesa inayohitajiwa na watu wengi kuliko fedha iliyopo nayo huchakachuliwa. Hapo sarafu peke yake haiwezi kuamua kesi.

Fundo moja

Mimi naona tatizo liko kwenye tangazo la 6, ambalo watu hulipita haraka. Ashoka anaagiza kwamba watoa habari wamfikie wakati wowote, mahali popote: akiwa anakula, akiwa kwa wake zake, chumbani, safarini au bustanini. Anasema hatosheki kamwe na kazi yake. Tumezoea kuusoma mstari huo kama sifa ya kiongozi mchapakazi. Usome tena kama karani wa Taxila, mji wa kaskazini-magharibi ulio karibu kilomita 1,500 kutoka Pataliputra kwa mstari ulionyooka, na zaidi kwa barabara, mito ikiwa imefurika nusu ya masika. Kila jambo lenye uzito linamalizikia sikioni kwa mtu mmoja, na mtu huyo yuko mwendo wa miezi.

Halafu soma yale maagizo ya Dhauli. Ashoka anasema watu wote ni watoto wake, kisha anawaambia mahakimu wa Tosali, mji wa Kalinga, kwamba wapo watu wanaofungwa na kuteswa bila sababu, na hilo likome. Anaahidi kutuma mkaguzi kila baada ya miaka mitano. Kutoka Ujjain na Taxila, ambako watawala ni wana wa mfalme, ukaguzi uwe kila miaka mitatu. Miaka mitatu! Samaki huyo atakuwa ameshakunywa mto mzima. Kisa cha Kibudha kinasimulia kwamba Taxila ilipoasi, enzi za Bindusara, wenyeji walitoka kumlaki Ashoka wakiwa na maelezo yaliyo tayari: hatuna ugomvi na mwana wa mfalme wala na mfalme, wanaotudhalilisha ni maofisa.

Ramani za vitabu vya shule hupaka bara zima rangi moja, zikatudanganya. Ukitia alama mahali amri zilipokutwa, unaona ziko kwenye njia za misafara, kwenye miji, na kusini karibu na machimbo ya dhahabu. Katikati ni misitu na watu wake, walewale walioonywa. Dola ilikuwa njia na vituo, na vituo viliendeshwa na watu walioteuliwa na mfalme, wakimtii yeye binafsi. Mwanahistoria Romila Thapar alilisema hili zamani: kwa utaratibu kama huo, akibadilika mfalme, utii wote unabidi ufungwe upya kuanzia juu. Wapo waliombishia, wakisema umbali wenyewe haukuruhusu Pataliputra kushika kila kitu, majimbo yalijiendesha. Kwangu hoja hizo mbili hazigombani. Majimbo yalijiendesha kila siku, na kilichoyashikilia pamoja kilikuwa fundo moja, mfalme. Fundo likilegea, hakuna kinachopasuka kwa kishindo. Kila kipande kinaendelea na safari yake.

Ndivyo ilivyokuwa. Baada ya Ashoka orodha za warithi hazipatani, dalili kwamba huenda kulikuwa na zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja. Mjukuu wake Dasharatha amejiandika kwenye mapango ya Nagarjuni, Bihar, aliyowapa watawa wa dhehebu la Ajivika. Nje ya hapo hasikiki sana. Mwaka 206 KK Antiochus wa Tatu, mfalme wa ukoo wa Seleucus, aliposhuka bonde la Kabul alikuta mfalme wa huko aitwaye Sophagasenus, akachukua tembo kwake, akarudi. Pataliputra haitajwi kabisa katika habari hiyo. Na karibu mwaka 185 KK mfalme wa mwisho, Brihadratha, alitoka kukagua gwaride la majeshi yake, na jemadari wake Pushyamitra akamuua palepale mbele ya askari. Vitabu vya Purana, masimulizi ya kale ya Kihindu, vinauhesabia ukoo huo miaka 137. Askari walitazama tu. Huyo jemadari hakuiangusha dola. Alimwondoa mtu aliyekuwa amebaki na jina lake.

Vipande navyo vilikuwa vimeshajifunza kazi. Uandishi, sarafu, njia, ukusanyaji kodi, vyote vilivyosambazwa na Magadha vilibaki mikononi mwa wenyeji. Ukoo wa Wasatavahana ukainuka Dekani, nyanda za juu za kusini, ukitumia hati ileile ya Brahmi. Na Kalinga, iliyochinjwa na kunyimwa hata tangazo la majuto, ikapata mfalme wake, Kharavela. Katika pango la Hathigumpha, mwendo wa saa chache kwa miguu kutoka kwenye tembo wa Dhauli, amechonga majigambo kwamba alimsujudisha mfalme wa Magadha miguuni pake, na akairudisha nyumbani sanamu takatifu ya Wajaini iliyokuwa imechukuliwa na mfalme wa Wananda.

Ashoka mwenyewe alisahaulika kiasi kwamba hati yake hakuwepo wa kuisoma hadi mwaka 1837, James Prinsep, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha sarafu cha Calcutta, alipoifungua. Hata hapo matangazo karibu yote yalimtaja kwa cheo tu, Piyadasi, mpendwa wa miungu. Jina Ashoka lilipatikana jiweni huko Maski, mwaka 1915. Miaka 35 baadaye simba wake wa jiwe waliokutwa Sarnath wakawa nembo ya Jamhuri ya India.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote, hata hivyo, hauhusu simba. Uko Junagadh, kwenye rasi ya Kathiawar huko Gujarat, upande uleule walikotoka wazee wa familia nyingi za Wahindi wa Unguja, Mombasa na Dar es Salaam. Pale kuna mwamba mmoja mkubwa wenye maandishi ya enzi tatu. Ashoka amechonga amri zake. Juu yake, mwaka 150 BK au muda mfupi baadaye, Rudradaman, mfalme wa asili ya Kisaka, amechonga habari za bwawa la Sudarshana. Anasema lilijengwa na Pushyagupta, liwali wa Chandragupta Maurya, na enzi za Ashoka likawekewa mifereji na liwali mwingine, Tushaspha, anayemwita Mgiriki ingawa jina lake ni la Kiajemi. Kisha ikaja dhoruba ikalitoboa pengo la dhiraa 420. Washauri wa mfalme walikataa kulijenga, wakisema pengo ni kubwa mno, na watu wakalia. Rudradaman anajisifu kwamba alilijenga kwa fedha ya hazina yake, bila kuwabebesha watu kodi wala shokoa.

Maandishi ya tatu ni ya enzi za Skandagupta. Mwaka 455 BK mvua zilikuwa zimelibomoa tena, na Chakrapalita, mtoto wa liwali, akalijenga upya.